Kijiti Nyuma ya Mlango

Siku mpira wa kupimia ulipofungwa kwenye pipa, Dereva alikuwa ameketi kizingitini na kikombe kitupu mkononi, akimtazama fundi aliyepiga magoti katika chumba cha nyuma cha nyumba yake. Mkewe naye alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa pipa, ameshika tochi. Hawakuwa wamekaribiana. Pipa zima la lita mia lilikuwa katikati yao. Lakini Dereva aliona magoti manne sakafuni, na hesabu hiyo haikumpendeza.

"Shemeji, mulika hapo chini," alisema Fundi Bomba. "Naam. Sasa mwaga maji kidogo, uone mwenyewe."

Mke akamwaga maji kwa kata. Ubavuni mwa pipa palisimama mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umeanzia karibu na koki ya chini na kupanda hadi usawa wa mdomo. Maji yalivyojaa pipani, na ndani ya mpira nayo yalipanda, kidole kwa kidole, sawasawa. Mke akacheka kwa sauti.

"Yanafuatana!"

"Yatafuatana mpaka mwisho. Wewe unasoma mpira tu, hufungui kifuniko tena. Kila ukifungua, hewa inaingia. Hewa ikizoea kuingia, mvinyo unageuka siki, halafu wageni wa harusi watakunywa huku wamefumba macho kama wanaopewa dawa ya minyoo."

Mke akacheka tena. Dereva alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mkewe alipochekea maneno yake hivyo. Haikumjia. Fundi akatoa kopo la rangi nyekundu na brashi ndogo, akachora mistari ishirini kando ya mpira, kila mstari lita tano, na kila mstari akauandikia namba. Saba yake ilikuwa na kimstari katikati.

"Hicho cha nini?" Dereva aliuliza kutoka kizingitini.

"Ili isifanane na moja, kaka. Mkono ukitetemeka, saba na moja ni mapacha."

"Mkono wako unatetemeka?"

"Mbele ya mabomba, hapana," alisema fundi, akakusanya spana zake.

Mtaani walimwita mke Mama Nanasi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akinunua mananasi yaliyoiva kupita kiasi ambayo wengine waliyapita. Mume waliendelea kumwita Dereva ingawa sasa ulikuwa mwaka wa pili hajashika usukani. Gari liliondoka, jina likabaki. Kama kutengeneza mvinyo ni halali au la, hilo waseme wenye elimu ya dini. Lakini mwanamke yule aliamka alfajiri, akasali, akaosha mikono mpaka viwikoni kabla ya kugusa pipa, na nyumba ilikula kwa jasho lake. Mungu aliona hayo yote.

Sasa alikuwa amepata jambo kubwa. Mwanamke mwenye ukumbi wa sherehe, waliyemwita Mama Ukumbi, alikuwa amemwambia: "Nitengenezee pipa moja. Nitakuja kuonja mwenyewe. Likiwa zuri, nitachukua pipa kila mwezi, sitatafuta mtu mwingine." Tangu siku hiyo Mama Nanasi alitembea kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Kila asubuhi alimwachia mumewe sarafu chache chini ya kikombe cha chai, za kunyolea au za gazeti, ili asilazimike kuomba. Aliona ni heshima. Dereva alikuwa akikiinua kikombe, anazitia mfukoni bila kuzitazama, na moyoni anasema: hata kuniona nikiomba hataki.

&nbsp;

Mananasi yaliingia pipani yakiwa ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa, yamekatwakatwa, pamoja na sukari, hamira na maji yaliyochemshwa yakapoa. Kifuniko kilibanwa. Juu yake palikuwa na tundu lenye kizibo, na kwenye kizibo kimrija cha kutolea hewa kilichozama ndani ya chupa ya maji. Siku ya pili kikaanza kutoa mapovu, bluk, bluk, na mama mzazi wa Dereva, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, akasema pipa limeshiba linacheua.

Mama Nanasi alikuwa na daftari la shule. Kila asubuhi alichuchumaa mbele ya mpira, akasoma, akaandika: siku ya kwanza, alama kumi na nane. Siku ya pili, kumi na nane. Aliandika taratibu, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo.

Siku ya tatu alipokwenda sokoni, Dereva alilifungua daftari. Hakuwa akitafuta kitu. Akakuta mahali mkewe alipoandika tarehe, na tarehe ilikuwa na saba. Saba ile ilikuwa na kimstari katikati.

Alilifunga, akalifungua tena. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa, na barua ambazo mkewe alimwandikia alipokuwa safarini bado zilikuwa sandukuni. Alikwenda akazitoa. Saba zote zilikuwa wazi, bila kimstari. Sasa mtu amekuja na kopo la rangi, siku moja tu, na mkono wa mkewe umebadilika.

Akatazama mpira. Alama kumi na nane, kama lilivyosema daftari. Lakini huo ni mpira wa fundi, namba za fundi, rangi ya fundi. Ungesema nini zaidi ya alichotaka fundi?

Nyuma ya mlango wa chumba cha kulala kulikuwa na kijiti chake. Kilikuwa kipimo cha tangi la lori, mti mgumu wenye urefu wa mkono na nusu, mweusi kwa dizeli ya miaka. Kila jioni tajiri wake alikuwa akikitumbukiza tangini mbele ya madereva wenzake na kukiinua kwenye mwanga, huku yeye amesimama kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Siku kijiti kilipoonyesha upungufu wa nusu alama, tajiri hakuuliza barabara ilikuwaje wala mlima ulikuwa na urefu gani. Alimpa kijiti mkononi akasema, "Nenda nacho, kiwe ukumbusho." Dereva aliwaambia nyumbani kwamba kampuni imepunguza watu.

Alikifuta kwa kitambaa kikavu. Akakianika juani ubavuni mwa nyumba mpaka adhuhuri. Akaona kimekauka vizuri. Akang'oa kizibo cha pipa, akakiteremsha kijiti polepole hadi kikagusa chini, kama alivyoona kikiteremshwa mara elfu. Kilipotoka, kilikuwa kimelowa mpaka mahali fulani. Akakata hapo alama kwa kisu.

Bibi alikuwa ameketi uani akichambua mchele, akamwona kupitia mlango wa nyuma. Akaendelea na mchele wake.

&nbsp;

Siku ya saba, Fundi Bomba alikuja na ndoo.

Ilikuwa ahadi ya tangu mwanzo. Mvinyo ukishafyonza utamu wa mananasi, mfuko hutolewa, hukamuliwa, na makapi hutupwa. Mama Nanasi alikuwa amemwambia achukue makapi kwa ajili ya mbuzi wa mama yake. Walipotoa mfuko, waliukamua wawili juu ya pipa, mmoja ameshika huku mwingine kule, wakiusokota kama wanaokamua blanketi, mpaka tone la mwisho likarudi ndani. Makapi yakajaza ndoo ya lita kumi. Fundi akaifunika kwa gazeti ili nzi wasimfuate njia nzima.

Dereva alikuwa akitoka kwa kinyozi wakati huo huo. Akakutana na fundi kwenye kona, baiskeli ikiyumba, ndoo imefungwa nyuma, imefunikwa, nzito.

"Kaka, umependeza," fundi alisema. "Kichwa kinang'aa, hata taa za barabarani zipumzike."

"Umebeba nini?"

"Chakula cha mbuzi."

Akapita akipiga mluzi.

Dereva aliingia chumbani, si kubadili shati bali kuchukua kijiti. Mkewe alikuwa nje akifua mfuko. Aling'oa kizibo, akateremsha kijiti, akakitoa. Kilikuwa kimelowa mpaka chini ya alama yake ya kwanza, akakata hapo alama ya pili. Aliweka vidole, akapima, akageukia namba nyekundu, akapima tena. Alama mbili nzima. Lita kumi. Na ndoo ya fundi ilikuwa ya lita ngapi? Kumi.

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, ndiyo maana ilimuumiza vile. Alipokuwa anafukuzwa kazi alijua hesabu ya tajiri ina makosa, na hilo lilimfariji kidogo. Hii haikuwa na kosa hata la kijiko.

Jioni hakula vizuri.

"Una nini, baba watoto?" mkewe aliuliza.

"Sina kitu."

"Kichwa kimenyolewa vizuri."

"Wewe ni mtu wa pili kusema hivyo."

"Wa kwanza nani?"

Alimtazama usoni aone kama atageuza macho. Hakugeuza. Akaona huo nao ni ujuzi.

Asubuhi yake alipima tena. Kijiti kikatoka kimelowa mpaka alama ya kwanza. Kiwango kimepanda! Mkewe alikuwa amemimina maji ya sukari yaliyochemshwa, kama inavyotakiwa, kujaza nafasi ili hewa isikae ndani. Alikuwa ameliandika hata kwenye daftari. Lakini Dereva hakulifungua daftari siku hiyo. Alisimama na kijiti kinachochuruzika mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Ameongeza maji kuficha."

&nbsp;

Kibanda cha Fundi Bomba kilikuwa kati ya duka la misumari na mama mmoja mshona nguo. Watu wanne walikuwa wameketi pale wakingoja vitu vyao. Dereva alifika amebeba kijiti begani.

"Safari ya wapi leo, Dereva?" alitania mshona nguo. "Au gari limekatika usukani umebaki na kijiti?"

Alimpita. Akasimama mbele ya fundi.

"Ile ndoo uliyobeba kwangu. Ilikuwa na nini ndani?"

"Ilikuwa na makapi, kaka. Nilikwambia."

"Makapi yana uzito ule?"

"Yamelowa. Kitu kikilowa kinakuwa kizito, hata kaptura."

Watu wakacheka. Dereva akakishusha kijiti, akamwonyesha alama zake mbili, moja juu, moja chini, mbele ya wote. "Hapa ni kabla hujaja. Hapa ni baada ya kuondoka. Lita kumi. Ndoo yako lita ngapi?"

Kicheko kikakatika. Mshona nguo akaacha kukanyaga cherehani. Fundi Bomba alikitazama kijiti, akamtazama mwenye kijiti, na uso wake ukabadilika. Hakukasirika. Alimhurumia, na hilo likawa baya zaidi.

"Kaka, keti."

"Siketi."

"Basi simama, lakini tazama." Akachukua glasi ya maji aliyokuwa akinywa, akatia ndani nati ya bomba, kipande kizito cha shaba. Maji yakapanda. Akaitoa kwa vidole. Yakashuka. "Unaona? Sijanywa hata tone. Mfuko ulikuwa umekaa ndani, umeshika nafasi yake. Tumeutoa, mvinyo ukashuka kwenye nafasi ya mfuko. Lita kumi za makapi zimetoka, kiwango kimeshuka lita kumi."

"Hata mtoto wa darasa la nne anajua," alisema mmoja wa waliokaa.

"Na kama huniamini mimi, nenda kamuulize mbuzi," aliongeza fundi, akijaribu kurudisha mzaha. "Tangu jana amelala chali, mama anasema nimemharibia mnyama dini."

Wote wakacheka, na safari hii walicheka kwa nguvu, kwa kuwa walikuwa wameogopa kidogo. Dereva aliondoka. Nyuma yake alisikia mshona nguo akisema, bila kuteremsha sauti, "Maskini, na mke mwenyewe alivyotulia."

Alikuwa ameelewa. Glasi ile ilieleweka vizuri kabisa. Angekuwa mtu mwingine, habari ingeishia pale. Lakini njiani hakuwaza juu ya glasi. Aliwaza jinsi fundi alivyoeleza, polepole, kwa upole, hatua kwa hatua, kama alivyomweleza mkewe siku ile na tochi mkononi. Akaelewa kwa nini mkewe alicheka. Wivu uliokuwa umesimama juu ya ndoo ukahamia hapo, na hapo hapakuwa na kitu cha kupima.

Hivyo akaendelea kupima. Alipima mkewe akienda sokoni. Alipima akienda kusali. Siku nyingine alipima mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Kiwango hakikushuka tena hata unywele, na badala ya kutulia alisema wameacha kwa kuwa wamejua. Kimrija kiliacha kutoa mapovu, mvinyo ukaanza kutulia na kung'aa ndani ya mpira kama chai isiyo na maziwa, na kila siku kijiti kile cheusi kilishuka katikati yake, kikakaa kidogo, kikatoka.

Habari za kibandani zilimfikia Mama Nanasi siku tatu baadaye, kupitia kwa mshona nguo. Aliporudi nyumbani alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Umeniaibisha," alisema. Mengine aliyaahirisha. Alikuwa akingoja kazi ya pipa iishe kwanza. Aliona akianza kulia atalia mpaka mkono utetemeke, na kazi ilikuwa bado inataka mkono.

&nbsp;

Mama Ukumbi alikuja siku ya thelathini na tano, saa nne asubuhi, amevaa viatu vya kutembelea mjini, na glasi yake mwenyewe imefungwa kwa leso. Chumba cha nyuma kilikuwa kimefagiliwa. Bibi aliletewa kiti. Dereva alisimama mlangoni, amevaa shati jeupe ambalo mkewe alikuwa amelipiga pasi.

"Nimeona wengi wakipima pombe kwa macho," alisema Mama Ukumbi akiinama mbele ya mpira. "Alama kumi na nane. Na daftari. Mama Nanasi, wewe ungefaa benki."

"Darasa la saba tu, dada."

"Mungu hakugawa akili kwa vyeti. Haya, fungua."

Mama Nanasi aliinamisha glasi chini ya koki. Mvinyo ukatoka bila povu, rangi ya asali nyepesi, safi hata vidole vilionekana upande wa pili. Mama Ukumbi aliinua glasi kwenye mwanga akatabasamu. Akaipeleka puani. Tabasamu likasimama pale pale. Akanusa tena. Akaonja kidogo sana, akageuka upande, akatema ndani ya leso.

"Umepikia wapi maji yako?"

"Hapo jikoni."

"Kwa jiko la mafuta?"

"Kuni, dada. Kuna nini?"

Akampa glasi. Mama Nanasi akanusa, na rangi ikamtoka usoni. Akaonja. Nyuma ya utamu wa nanasi, nyuma ya sukari, palikuwa na kitu kizito, cha mafuta, kikang'ang'ania ulimi wala hakikutaka kumezwa. Alikijua. Hakukumbuka anakijua kutoka wapi.

"Nipeni na mimi," alisema Bibi. Akashika glasi kwa mikono miwili, akanusa kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta jina la mgeni. "Gari," akasema. "Hili linanuka gari."

"Lete," alisema Dereva. Alikuwa na hamu ya kumtetea mkewe mbele ya mgeni. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na hamu ile ilikuwa ya kweli. Alichukua glasi kwa mama yake, akanywa yote mpaka mwisho, akapangusa midomo kwa mgongo wa mkono. "Mbona zuri? Mbona mimi sisikii kitu?"

Wanawake watatu wakamtazama.

Miaka ishirini harufu ile ilikuwa imelala naye, imekula naye, imekaa katika kola zake na kwenye mto wake. Kila mtu duniani angeisikia isipokuwa yeye. Mama Nanasi alimtazama mumewe akiwa na glasi tupu, uso wake usiojua kitu, na hapo akakumbuka anakijua kitu kile kutoka wapi. Ilikuwa harufu ya kumpokea mlangoni.

"Linanuka wewe, mwanangu," alisema Bibi polepole. "Vile ulivyokuwa ukirudi safari."

Mama Ukumbi alifunga glasi yake katika leso nyingine. Hakuwa mtu mbaya. "Nina wageni mia mbili, mama. Siwezi kuwanywesha dizeli. Pole sana." Akiwa mlangoni akageuka. "Na lilikuwa zuri. Chini yake lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuonja. Ndiyo maana inaniuma."

&nbsp;

Mama Nanasi alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Alirudi na kijiti. Alikinusa, akakilaza juu ya kifuniko cha pipa.

"Mara ngapi?"

Dereva alikitazama kijiti.

"Nakuuliza, mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nilimwona," alisema Bibi, sauti yake ikapwaya. "Nilimwona kila siku, mkwe wangu. Nikadhani anakoroga. Nikasema moyoni, afadhali anamsaidia mkewe."

Ni maneno hayo yaliyomkalisha Dereva chini. Akaketi sakafuni na shati lake jeupe.

"Kwa hiyo ulipima," alisema mkewe. "Ukaona nini?"

"Sikuona kitu."

"Baada ya fundi kukuelewesha na glasi yake, mbele ya watu, ulielewa au hukuelewa?"

"Nilielewa."

"Ukaendelea."

"Nikaendelea."

Dereva alidhani mkewe atapiga kelele. Hakupiga. Alisogeza pipa mpaka koki ikaelekea mfereji wa maji machafu, akaifungua. Mvinyo ukaanza kutoka, na chumba kikajaa harufu ya mananasi, tamu hata inatia kichaa.

"Nisomee mpira," akasema.

"Mama watoto..."

"Siku zote ulitaka kujua kiwango. Nisomee."

Dereva akasogea kwa magoti mpaka pale fundi alipokuwa amepiga magoti. "Kumi na saba," akasema. "Kumi na sita." Ilichukua muda mrefu. Pipa la lita mia haliishi upesi kwa koki ndogo. Kufikia kumi sauti yake ilikuwa imekauka. Kwenye saba alinyamaza, akitazama kile kimstari katikati, na mkewe akasema, "Soma," naye akasoma. Bibi alikuwa amejifunika uso kwa kanga, midomo ikienda, anasali.

"Moja. Basi. Limekwisha."

"Halijakwisha. Kuna kidole kimoja chini ya koki, hakitoki mpaka pipa lilazwe. Shika huko."

Wakalilaza wawili, yeye upande huu, mkewe upande ule. Masalia yakatoka na tope lake. Mama Nanasi akaingiza kichwa pipani, akanusa, akatoka. Plastiki nayo ilikuwa imeshika harufu. Haitafaa tena ila kwa maji ya kufulia.

"Ungeniuliza," alisema, akiwa bado ameshika mdomo wa pipa.

"Ningekuuliza nini?"

"Chochote."

&nbsp;

Asubuhi chai ilichelewa kidogo, kisha ikachemka ghafla. Bibi alikunja pua, akasogeza kiti chake mbali na jiko. Kuni moja ilikuwa imeshika moto upesi kuliko zote, ikawaka kwa mwali mrefu wenye moshi mweusi. Dereva alipita karibu na jiko bila kusikia moshi ule una harufu gani. Baadaye ndipo alipotazama nyuma ya mlango, akaona ukuta mtupu.

Alirudi mezani. Akainua kikombe. Chini yake hapakuwa na kitu.

Hakukasirika. Alikirudisha pale pale taratibu, akaketi akitazama mgongo wa mkewe, aliyekuwa akisugua pipa kwa majivu ingawa alijua harufu haitatoka. 

"Mananasi," akasema. "Siku hizi unayapataje? Yale ya kutengenezea."

Mkono wa mkewe ukasimama ndani ya pipa. Aligeuka, akamtazama kwa muda, macho yakitafuta kama kuna kitu kimefichwa chini ya swali lile. Lilikuwa swali tu. Katika siku zote za kazi ile lilikuwa la kwanza.

"Nenda kwanza kwa Fundi Bomba ukamtake radhi," alisema. "Na wale waliokaa pale uwakute wamekaa. Ukirudi, nitakwambia."

Dereva akasimama, akavaa viatu. Mkono wake, kwa mazoea, ulikwenda nyuma ya mlango, ukagusa ukuta, ukarudi. Akatoka akiwa hana kitu mkononi.